Beseni la Maji Vuguvugu

Jumamosi ile mlima ulijifunika ukungu gubigubi,
mvua ya Klaksvík ikikipiga ubavuni kibanda cha skauti,
nami nilikuwa nimewaahidi kilele.
Watoto kumi na mmoja, skafu shingoni, buti zimefungwa,
wananitazama kama wanaonidai.

Nikaweka beseni mezani.
Nikamimina maji, nusu ya birika, nusu ya bomba,
nikachovya kiwiko kama anayeogesha kitoto kichanga.
"Leo," nikasema, "tunasafiri mezani."
Tróndur akauliza kama safari hiyo ina beji.
Inayo, nikamwambia. Akakaa.

Kisha nikafungua sanduku la viatu la shangazi Turið,
aliyegonga mihuri posta miaka thelathini na minne
na hakutupa bahasha hata ya bili ya umeme.
Lilinuka kabati na kahawa.

Sheria zilikuwa chache:
usibandue kwa kucha, utaichuna ngozi;
kata karatasi kuizunguka, usiikaribie sana;
ilaze majini uso juu, ungoje.
Kungoja ndiko kulikowashinda.
Rannvá aliivuta yake kabla ya wakati,
meno matatu yakabaki kwenye karatasi.
"Imekuwa kibogoyo," akasema, midomo ikimcheza.
Kibanda kizima kikacheka, naye mwishowe akacheka.
Tulimhifadhi kibogoyo. Ana ukurasa wake mpaka leo.

Pakawa na kimya ambacho filimbi yangu haijawahi kukileta.
Gundi ikalegea yenyewe,
picha zikajitenga na bahasha zao, moja moja:
kondoo dume wa pembe za kujisokota,
mnara wa taa,
ndege mnene mwenye mdomo wa rangi tatu,
malkia wa bluu,
na kiwanda cha saruji
(nani alikiona akasema, hiki kisafiri dunia nzima?).
Mikono ya sweta ikalowa hadi viwikoni.
Maji tulikwisha kuyavulia nguo.

Tukazianika kifudifudi juu ya taulo.
Kibano kikapita mkono kwa mkono,
wakajifunza kusoma muhuri: nusu ya jina la mji,
mwaka, siku, hata saa.
"Hii imegongwa siku aliyozaliwa baba,"
Marjun akanong'ona, akaifunika kwa kiganja
isije ikapeperushwa na pumzi zetu.

Bárður hakuwa amegusa maji.
Chini ya sanduku alipata kimfuko chembamba,
ndani yake stempu moja: nyumba za paa la majani mabichi,
gundi yote mgongoni, haina hata alama ya wino.
Hii ndiyo yenye thamani, nikamweleza.
Imekaa gizani miaka arobaini ili ibaki hivi.

Akaigeuza kwa kibano, kama nilivyofundisha.
"Kwa hiyo haijakwenda popote?"
"Popote."

Mama yake anachomelea vyuma Bergen, mwezi wa tano sasa.

Maneno nilikuwa nayo. Bei yake niliijua.
Nilijua pia shangazi Turið angesema nini,
halafu nikagundua kwamba sijui:
alikuwa mtu wa posta, hakuwa mtu wa albamu.

Thamani yake ya zamani haikutosha,
tukaisindikiza na mbili mpya.
Bárður akailamba, akakunja uso,
akaikandamiza kwa kidole gumba, akahesabu hadi ishirini.
Hakuna aliyemwambia ahesabu.

Mvua ilikatika saa nane. Hakuna aliyechungulia dirishani.

Wiki ya nne akaja na bahasha kutoka Norwei,
muhuri umeipiga stempu kombo, katikati ya uso.
Nikashika birika.
"Ni lazima tuichovye?" akauliza.

Nikairudisha birika jikoni.